Georgia Ilipokataza Utumwa

Vijana wenzangu mnaoota kuchapa vitabu, hebu tuanze na habari za Robert Castell. Huyu alikuwa Mwingereza, msanifu wa majengo, na mwaka 1728 alitoa kitabu kikubwa chenye michoro kuhusu nyumba za mashamba za Warumi wa kale. Kazi nzuri, karatasi nzuri, michoro ya gharama. Lakini kuchapa ni pesa, na pesa hizo, pamoja na madeni mengine, zilimzamisha. London ya siku zile mtu akishindwa kulipa deni alitiwa ndani, na akiwa humo ndani alidaiwa tena: pango la chumba, malipo ya askari, hata malipo ya kufungwa na kufunguliwa pingu. Castell akapelekwa gereza la Fleet. Alipoishiwa kabisa, mkuu wa gereza, Thomas Bambridge, aliamuru ahamishiwe kwenye nyumba ya mahabusu iliyokuwa na ugonjwa wa ndui. Castell akaomba, akalia, akasema hajawahi kuugua ndui maishani mwake. Akapelekwa hivyo hivyo. Hakutoka hai. Aliacha mke na watoto wadogo.

Kifo cha mwandishi huyo ni moja ya mbegu zilizootesha jimbo la Georgia, huko kusini mwa Marekani. Ukilitaja jina hilo leo mbele ya vijana wa mjini, mmoja atakuambia Atlanta, mwingine Martin Luther King, mwingine ataanza kukuimbia rap. Mimi nataka niwarudishe nyuma zaidi, kwenye miaka ambayo hata Atlanta yenyewe haikuwepo, nchi hiyo ilipofanya jambo ambalo majirani zake walilicheka: ilikataza utumwa kwa sheria. Ilikataza kwa miaka kumi na mitano hivi. Halafu ikafungua mlango, na mlango ulipofunguliwa ukafunguka wote.

Castell alikuwa na rafiki bungeni, jina lake James Oglethorpe. Mwaka 1729 Bunge la Uingereza liliunda kamati ya kuchunguza magereza, na Oglethorpe akawa mwenyekiti wake. Bambridge alishtakiwa kwa mauaji, akaachiwa. (Ndiyo, akaachiwa. Mambo haya hayakuanza jana.) Wadaiwa wengi walifunguliwa kwa sheria mpya, lakini walitoka gerezani wakaikuta njaa ileile waliyoiacha mtaani. Ndipo Oglethorpe na wenzake wakaja na wazo: maskini hawa watafutiwe ardhi ng'ambo ya Atlantiki, walime, wajitegemee.

Mwezi Juni 1732 Mfalme George II akatoa hati, na nchi ikapewa jina lake. Usimamizi wakakabidhiwa wadhamini 21. Masharti yao, kusema kweli, yangewatoa jasho viongozi wengi: mdhamini hakuruhusiwa kumiliki ardhi Georgia, wala kushika cheo huko, wala kulipwa hata senti. Kwenye muhuri wao waliweka viwavi vya hariri na maneno ya Kilatini yenye maana kwamba hawafanyi kwa ajili yao wenyewe, bali kwa ajili ya wengine. Viwavi hivyo havikuwa pambo tu. Wadhamini waliota kwamba Georgia itaijaza Uingereza hariri.

Utasikia watu wakisema Georgia ilijengwa na wafungwa wa madeni. Hadithi tamu, lakini sivyo ilivyokuwa. Kati ya watu kama 114 waliopanda meli ya Anne mwezi Novemba 1732, ni taabu kumpata hata mmoja aliyetolewa gerezani moja kwa moja. Walikuwa maseremala, washonaji, wachuuzi, maskini wa mjini ambao wengi wao jembe walilijua kwa sura tu. Hao ndio waliopelekwa kuwa wakulima.

Februari 1733 walifika kwenye mwinuko ulio kando ya mto Savannah, na hawakuukuta mtupu. Palikuwa na kijiji cha Wayamacraw, na mzee wao Tomochichi. Palikuwa pia na Mary Musgrove, mwanamke ambaye mama yake alikuwa wa taifa la Wacreek na baba yake mfanyabiashara wa Kiingereza. Yeye na mumewe walikuwa na duka hapo jirani. Mary alijua lugha zote mbili, na ndiye aliyekaa katikati Tomochichi na Oglethorpe walipozungumza. Mzee aliamua kuwapokea wageni, akapima faida ya kuwa na Waingereza karibu, akawaachia ardhi ya pwani kwa mapatano. Mwaka uliofuata alisafiri hadi London na mkewe Senauki, akaonana na Mfalme. Alipofariki mwaka 1739 alizikwa kwa heshima katikati ya mji wa Savannah. Mambo waliyokuja kutendewa Wacreek baadaye, kunyang'anywa ardhi kipande kwa kipande hadi kufukuzwa kabisa, yanastahili makala yake peke yake.

Sasa tuingie kwenye sheria. Mwaka 1735 wadhamini walipitisha sheria tatu: moja ya kudhibiti biashara na wenyeji, moja ya kupiga marufuku ramu, na ya tatu ya kukataza watumwa weusi. Hii ya tatu ina jina refu, na jina lenyewe ndilo lenye siri. Halisemi kwamba utumwa ni dhambi. Halisemi kwamba mtu mweusi ni mtu. Linasema kwamba sheria inatungwa ili kuifanya koloni ya Georgia iweze kulindwa vizuri zaidi, kwa kuzuia watumwa weusi wasiingizwe wala kutumiwa humo.

Ilindwe na nani, dhidi ya nani? Fungua ramani. Kaskazini mwa Georgia ilikuwepo South Carolina, koloni ya Waingereza iliyotajirika kwa mpunga, ambako watu weusi walikuwa wengi kuliko wazungu. Kusini ilikuwepo Florida, mali ya Wahispania. Na tangu mwaka 1693 Mfalme wa Hispania alikuwa ametangaza kwamba mtumwa atakayetoroka kutoka kwa Waingereza akafika Florida na kupokea dini ya Kikatoliki, yuko huru. Si kwamba Wahispania waliwapenda watu weusi kuliko wengine. Wao nao walikuwa na watumwa wao. Ila waligundua kwamba uhuru wa mtumwa wa adui ni silaha isiyogharimu baruti. Georgia iliwekwa hapo katikati iwe ukuta. Sasa ukuta gani huo ambao nusu ya matofali yake yanangoja usiku uingie yakimbilie kwa adui? Ndiyo maana Oglethorpe alitaka kila mtu Georgia awe mkulima mwenye ekari 50 na bunduki yake, si bwana mkubwa anayelinda watumwa wake badala ya kulinda mpaka.

Kwa hiyo tusimfanye malaika. Mwaka uleule wa 1732, alipokuwa akipanga safari ya kwenda kuanzisha nchi isiyo na watumwa, Oglethorpe alikuwa naibu gavana wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika, kampuni iliyokuwa imeuza Waafrika kwa maelfu. Na hata Savannah yenyewe, nchi "huru", mbao zake za kwanza zilipasuliwa kwa msaada wa watumwa walioazimwa kutoka Carolina.

Lakini kuna jambo moja kuhusu mtu huyu linanifanya nisite kumhukumu haraka. Mkononi mwake ilifika barua iliyoandikwa Kiarabu na mtumwa wa Maryland. Mwandishi wake, Ayuba Suleiman Diallo, alikuwa mwana wa imamu kutoka Bundu, katika Senegal ya leo. Alikuwa amekwenda mto Gambia kuuza watu wawili, naye akatekwa njiani akauzwa. (Mwandishi wa riwaya akitunga hivyo, mhariri atamwambia anazidisha.) Akiwa utumwani alimwandikia baba yake barua akiomba akombolewe, kwa hati ileile ambayo katika karne hiyo washairi wa Pate na Lamu walikuwa wakiandikia tenzi zao. Barua haikufika Bundu, ilifika London. Oglethorpe akaitafutisha tafsiri, akaisoma, akaweka ahadi ya pauni 45 ili mtu huyo atolewe. Ayuba alifika Uingereza 1733, Oglethorpe akiwa ameshaondoka, na 1734 akarudi kwao. Kabla mwaka 1732 haujaisha Oglethorpe aliuza hisa zake za kampuni. Kama ni barua iliyomgeuza, sitathubutu kuapa. Ila ni yeye huyuhuyu aliyekuja kusimamia lile katazo.

Basi walowezi wakaanza kulima, na shida ikaanza. Ekari 50 za mchanga na misonobari hazilishi familia. Mtu hakuruhusiwa kuuza kiwanja chake, na binti hakuweza kurithi, kwa kuwa wadhamini walitaka kila kipande cha ardhi kiwe na mwanamume wa kushika bunduki. Hariri ilikuwa ndoto, viwavi vilikufa. Watu walikufa pia kwa homa. Ng'ambo ya mto, Carolina, jirani alikaa barazani huku wengine wakimlimia mpunga. Jamani, hakuna kinachouma kama utajiri wa jirani unaouona kwa macho.

Desemba 1738 watu zaidi ya mia moja wa Savannah walitia saini ombi kwa wadhamini: turuhusiwe kuuza ardhi, na turuhusiwe watumwa. Kundi hili la walalamishi lilikuwa na wasemaji hodari, kama Patrick Tailfer, daktari kutoka Scotland, ambaye baadaye alihamia Charleston na kushirikiana na wenzake kutoa kitabu cha kumkebehi Oglethorpe. Hoja yao kubwa ilikuwa jua. Eti mzungu hawezi kufanya kazi ya shamba kwenye joto la Georgia. Kazi hiyo Mungu kawapa weusi. Jibu lilikuwa hatua chache tu kutoka walipokaa. Pale Ebenezer waliishi Waprotestanti waliofukuzwa Salzburg kwa ajili ya dini yao, pamoja na mchungaji wao Johann Martin Boltzius. Walilima wenyewe, kwenye jua hilohilo, na walivuna. Machi 1739 wakawaandikia wadhamini wakiomba katazo libaki.

Ila barua ninayoitaka mimi ni ya Darien. Mji huo mdogo wa kusini ulianzishwa mwaka 1736 na Waskoti wa milimani, watu wa Kigaeli, walioletwa mahsusi kwa sababu walijua kupigana. Januari 3, 1739 wanaume 18 wa Darien walitia saini tamko la kupinga kuletwa kwa watumwa. Sababu zao za kwanza ni za mfukoni na za usalama: Wahispania wako karibu, watumwa watatoroka, tutakesha tukilinda; tutakopa kuwanunua na tutazama kwenye madeni. Mpaka hapo ni lugha ya wadhamini. Halafu, mwishoni, kalamu yao inabadilika. Wanasema inatisha kwa ubinadamu kwamba kabila lolote la watu, wao na vizazi vyao, wahukumiwe utumwa wa milele. Wanasema uhuru kwa watu hao lazima uwe mtamu kama ulivyo kwetu. Na wanasema siku moja watu hao watakuwa fimbo ya kutuadhibu kwa dhambi zetu.

Soma tena, kisha kumbuka ni mwaka 1739. Walalamishi walidai Oglethorpe aliwahonga Waskoti hao kwa ahadi ya ng'ombe. Inawezekana. Lakini ng'ombe angeweza kununua saini. Ile sentensi kuhusu uhuru ni nani aliyewaagiza? Kwa suala la ulinzi haikuhitajika kabisa. Mtu aliyeketi kuandika pale Darien alivuka mpaka wa alichotumwa kusema.

Fimbo haikuchelewa. Septemba mwaka huohuo, karibu na mto Stono, Carolina, watumwa kama ishirini, wengi wao wakiaminika kuwa watu wa Kongo na Angola, wakiongozwa na mtu aliyeitwa Jemmy, walivunja duka, wakachukua bunduki, wakaanza safari kwa ngoma kuelekea Florida. Njiani wengine wakajiunga. Wazungu zaidi ya ishirini waliuawa kabla mgambo haujawakuta, na weusi waliouawa walikuwa wengi zaidi. Walikuwa wanakwenda wapi? Kulikuwa na mahali. Mwaka 1738 Wahispania walikuwa wamewajengea watoro kijiji chenye ngome, kaskazini kidogo ya St. Augustine, kikiitwa Gracia Real de Santa Teresa de Mose. Mgambo wake walikuwa weusi walio huru, na kapteni wao alikuwa Francisco Menéndez, mzaliwa wa Afrika Magharibi aliyetoroka utumwa wa Carolina.

Na hapa historia inafanya ukatili wake. Uingereza na Hispania zikaingia vitani, na 1740 Oglethorpe akavamia Florida. Watu wa Mose wakahamishiwa ndani ya St. Augustine, na kijiji chao kitupu kikakaliwa na askari wa Oglethorpe. Akina nani? Wengi wao walikuwa Waskoti wa Darien. Alfajiri moja ya Juni, kukiwa bado giza, Wahispania, wenyeji walioshirikiana nao, na mgambo weusi wa Menéndez waliwavamia. Waskoti wengi waliuawa humo, kwa mapanga na vitako vya bunduki. John Mohr Mackintosh, kiongozi wao na mmoja wa waliotia saini lile tamko, alitekwa akapelekwa Hispania. Watu walioandika kwamba uhuru kwa mweusi ni mtamu kama kwao walikutana uso kwa uso na weusi walio huru, wakiwa wameyakalia makazi yao, na hakuna aliyejua mwenzake ni nani.

Darien haikupona haraka. Na pamoja na wafu wake, ile sauti ya mwaka 1739 ilipungua nguvu.

Julai 1742 Wahispania walilipiza, wakaja na meli zao hadi kisiwa cha St. Simons, wakarudishwa kwenye mapigano yanayoitwa ya Bwawa la Damu. Hawakurudi tena kwa nguvu. Mwaka 1743 Oglethorpe alipanda meli kwenda kwao na Georgia hakuiona tena. Hebu fikiri hiyo ilimaanisha nini kwa ile sheria. Ilitungwa kwa ajili ya kulinda mpaka. Sasa mpaka umetulia, na mlinzi kaondoka. Ulikuwa umebaki msingi gani?

Huko London walalamishi walimtuma Thomas Stephens kwenda kusema mbele ya Bunge. Baba yake, William Stephens, alikuwa katibu wa wadhamini pale Savannah. Mwana alikuwa adui wao. Mwaka 1742 Bunge liliikataa hoja yake ya watumwa, na likamwamuru apige magoti akemewe na Spika. Alipiga magoti. Lakini ndani ya miaka minane kila alichokitaka kilikuwa kimetimia, na baba yake alikuwa amechoka kupinga.

Kwa sababu watu hawakungoja sheria. Walianza kukodisha watumwa kutoka Carolina, na mkataba wa kukodi ukaandikwa wa maisha, au wa miaka mia, na kodi yote ikalipwa siku moja, kiasi kilekile cha bei ya kumnunua mtu. Ukiulizwa, unasema si wangu, nimemkodi. Mahakimu wakafumba macho, maana nao walikuwa wakikodi. Hata madhabahu yalisaidia. Mhubiri maarufu George Whitefield, aliyefungua nyumba ya yatima ya Bethesda karibu na Savannah mwaka 1740, alisema waziwazi kwamba Georgia haitastawi bila watumwa, na 1747 akawa na shamba Carolina, likilimwa na watumwa, ili mapato yake yawalishe yatima wake. Mwalimu aliyekuja naye, James Habersham, alianza kwa kufundisha watoto maskini. Akahamia kwenye biashara, akawa mwombaji mwenye sauti kubwa wa kuruhusiwa utumwa, na alipofariki mwaka 1775 alimiliki watu karibu 200.

Wadhamini walisalimu amri. Kuanzia Januari 1, 1751 utumwa ukawa halali Georgia. Waliweka masharti: kwa kila watumwa wanne awepo mtumishi mmoja mzungu, Jumapili wasifanyishwe kazi, na, kama mzaha, baadhi ya wanawake watumwa wafundishwe kusokota hariri. Mwaka 1752 walirudisha hati kwa Mfalme, wakaenda zao. Mwaka 1755 serikali mpya ya kifalme ikatunga sheria yake ya watumwa, ikifuata mfano wa Carolina, na yale masharti ya upole yakafifia. Matajiri wa Carolina wakavuka mto na watu wao, wakachukua mabonde ya mpunga ya pwani. Kufikia katikati ya miaka ya 1760 meli zilikuwa zikileta Waafrika Savannah moja kwa moja kutoka Gambia, Sierra Leone na Angola. Mwaka 1750 watumwa Georgia walikuwa hawafiki 500. Mwaka 1775 walikuwa kama 18,000. Hawa wote mashine ya Eli Whitney ya kuchambua pamba haijawafikia bado; hiyo ilibuniwa mwaka 1793, nje kidogo ya Savannah, na baada yake hesabu hizi zikaonekana za kitoto.

Nimezipitia barua, maombi na matamko ya miaka hiyo kwa jicho la mtu anayetafuta wahusika wa riwaya, na katika saini zote hizo, za kukubali na za kukataa, hamna hata moja ya mtu mweusi. Walijadiliwa kama ramu ilivyojadiliwa.

Oglethorpe aliishi maisha marefu, hadi 1785. Mwaka 1776, akiwa mzee, alimwandikia Granville Sharp, mpinzani wa utumwa kule London, akimweleza kwamba wao walikataza utumwa Georgia kwa kuwa ulikuwa kinyume cha Injili na kinyume cha sheria ya msingi ya Uingereza. Huenda moyoni mwake ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Kwenye karatasi ya 1735, hata hivyo, Injili haikuwekwa kwenye jina la sheria. Ulinzi ndio uliowekwa.

Na kule Darien? Januari 1775, makoloni yakijiandaa kumwasi Mfalme kwa jina la uhuru, kamati ya wilaya hiyo ilikutana ikapitisha tamko jipya, ikisema inauchukia utumwa na kwamba msingi wake ni dhuluma na ukatili. Katikati ya shughuli hiyo alikuwepo Lachlan McIntosh, mtoto wa yule John Mohr aliyetekwa Mose. Mashamba yake ya mpunga yalikuwa hapo hapo kando ya mto Altamaha, na waliokuwa wakiyalima walikuwa watumwa wake.